Kuku wa Kura

Kila kifaranga anayeanguliwa uani kwangu huhesabiwa vidole kabla sijamtazama uso. Namweka kiganjani, namgeuza chali, nahesabu mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kuku wa kawaida ana vidole vinne. Kuku wa hariri anatakiwa awe na vitano, na hicho cha tano kiwe kimejitenga na mwenzake na kuinuka juu, kisishikane naye wala kisilale. Kikilala, basi. Namrudisha chini ya mama yake, namlisha kama wengine, lakini mwisho wake nimeshaujua.

Hapa Kampala wanaitwa silki. Mwenye nyumba wangu anawaita paka. Manyoya yao hayana ule ugumu wa manyoya ya kuku, ni laini na yametawanyika, na ukimshika gizani unaweza kuapa kwamba umebeba mnyama. Ngozi yao ni nyeusi, nyama nyeusi, hata mfupa ni mweusi. Hawaruki. Mvua ikiwanyeshea hulowa mpaka ngozini na kusimama katikati ya matope wakisubiri kuja kuokolewa. Ni kuku wajinga kwa kweli, na nawapenda kuliko ninavyowapenda watu wengi ninaowajua.

Ninaishi Luzira, kwenye mteremko wa kuelekea Port Bell, chumba na sebule na ua wa nyuma. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Nilizaliwa Bukavu na nikakulia kwenye Kiswahili cha kwetu, halafu nikasoma Tanzania miaka kadhaa, ambako walinisugua mpaka nikawa na Kiswahili cha vitabuni. Kule nilijifunza pia kukasirika watu wanapokosea. Sasa hivi Waganda wengi wanataka lugha hii kwa ajili ya kazi na biashara, nami ninawafundisha jioni na Jumamosi kwenye chumba cha juu ya maduka huko Nakawa. Asilimia kubwa ya maisha yangu imepotea kwenye vita vya r na l. Mganda akiona "habari" anasema "habali", akiona "kweli" anasema "kweri". Kwake ni sauti moja inayobadilika kufuatana na jirani yake, na hata ukimpigia kelele mwaka mzima, sikio lake halisikii tofauti. Nimewapigia kelele. Haikusaidia.

Mwenye nyumba wangu ni bibi wa Kiganda, mjane wa askari magereza. Namwita Jaja kama kila mtu. Kiswahili alikipata kwenye laini za askari alikoishi na mumewe, kwa hiyo ni Kiswahili cha amri: lete, weka, toka, kwenda. Hata akikukaribisha chai unahisi umekamatwa. Miaka kumi na moja tumekaa ukuta mmoja, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akija uani kwangu asubuhi, anakaa kwenye kigoda chake, na kuwatukana kuku wangu.

"Mwalimu, paka yako hii inataga mayai gani madogo hivi?"

"Sifugi kwa ajili ya mayai, Jaja."

"Nyama?"

"Wala nyama."

"Basi unafuga nini? Sufu?"

Nilikuwa nafuga kwa ajili ya kura. Tuko kikundi cha wafugaji kama ishirini hivi, na kila baada ya msimu wa mvua tunakutana nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Haji mmoja Mnubi aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa anatuendesha sisi. Kila mmoja analeta kuku mmoja tu, yule aliye bora. Kuku wanapangwa mezani kwenye vizimba, na mbele ya kila kizimba kuna kopo. Unazunguka, unashika, unafungua manyoya, unaangalia kishungi cha kichwani kama ni duara, ndewe za masikio kama zina ile rangi ya samawati, miguu kama imevaa soksi za manyoya mpaka kidole cha kati. Kisha unaweka kura yako kwenye kopo la kuku uliyemkubali, asiwe wako. Zamani kura ilikuwa punje ya mahindi. Mwaka mmoja kuku wa mtu akapenyeza shingo kwenye waya na kula kura zake zote, akashindwa kwa tumbo lake mwenyewe. Tangu hapo tunatumia vizibo vya soda.

Mimi nilikuwa sijawahi kushinda. Tena nilikuwa na jina baya. Kuku wangu wa kwanza niliwanunua sokoni Nakawa nikaambiwa ni silki safi, na kwa kuwa walikuwa na kishungi na ngozi nyeusi, nikaamini. Kumbe walikuwa machotara. Vifaranga wao walitoka na manyoya magumu kama kuku wa kijijini, na nilipompeleka mmoja kwa Haji, aliishika ile miguu yake, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Huyu ni mzuri kwa pilau." Wenzake wakacheka. Miaka iliyofuata, hata nilipopata mbegu ya kweli kwa mtu mwingine, waliendelea kuwaita kuku wangu wa sokoni. Iliniuma. Najua ni jambo dogo, lakini niliondoka kwetu bila kitu na nikajenga kila nilicho nacho hapa, na sikutaka kitu changu chochote kiitwe cha sokoni.

Kwa hiyo nilichagua. Miaka mitano nilichagua. Nilimpandisha jogoo huyu kwa tetea yule, nikaandika ukutani kwa chaki nani kazaa nani, nikawatoa waliozaliwa na undu wa kichwani uliosimama kama msumeno, nikawatoa wenye ngozi ya kijivu, nikawatoa wenye vidole vilivyogandamana. Kila miezi mitano nilikaa uani na kuwagawa makundi matatu, huku nikitaja kwa sauti, maana mwalimu hawezi kufanya kitu kimyakimya: wa kura, wa kuatamia, wa kula. Wa kula nilimpa Jaja kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye alikaa kwenye kigoda, akitazama, akitukana, akinywa chai yangu.

Mwaka wa tano akazaliwa jogoo mweupe. Nilipomgeuza chali siku ya kwanza, nilihesabu mara tatu. Alipokua alipata kishungi kizito kilichomfunika macho, mgongo mfupi, na kifua kipana. Alitembea polepole kama mtu mwenye cheo. Nilijua kwamba huyu ndiye. Nilijua pia kwamba kwenye mguu wa kushoto kile kidole cha tano kilikuwa kinasimama chini kidogo ya kile cha kulia, lakini nilijiambia ni mkao tu.

Mkutano wetu ukawekwa Jumapili. Ijumaa nilimwogesha jogoo kwenye mabeseni matatu: la sabuni ya mtoto, la maji yenye siki kidogo, na la maji matupu. Nikamkausha kwa draya ya nywele, umeme ukakatika katikati, nikamalizia kwa taulo nikimpepea na daftari la wanafunzi. Akatoka mweupe kupita kiasi. Nikamweka ndani ya tenga safi barazani, juu ya gazeti, asikanyage matope.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na darasa. Siku hiyohiyo Jaja alikuwa na ugeni mzito: mume wa binti yake wa mwisho anakuja kwa mara ya kwanza tangu harusi, pamoja na kaka yake. Kwa Waganda mkwe hachezewi. Lazima achinjiwe kuku, na mama mkwe hatakiwi hata kumtazama usoni, anakaa jikoni na chakula kinapelekwa na watoto. Nilikuwa nimemwahidi Jaja jogoo mmoja kati ya wale niliowatoa. Yule alikuwa na vidole vitano mguu mmoja na vinne mguu mwingine. Kwa vile nilikuwa nimechelewa, kwa mara ya kwanza sikumkabidhi kwa mkono. Nilisimama mlangoni nikiwa na mkoba begani, nikamwambia waziwazi, kwa Kiswahili cha vitabuni:

"Jaja, wa kura yuko ndani ya tenga. Wa kula yuko kwenye banda la nyuma."

Jaja akapiga makofi kidogo, akashika kifua. "Wawiri? Mwalimu! Webale nyo, mwana wange. Webale nyo nyo."

"Ndiyo, ndiyo," nikasema, nikakimbia. Nilidhani ananishukuru kwa yule niliyemwahidi, na anashangaa tu kwamba ninao majogoo wawili.

Siku ile somo lilikuwa la uchaguzi. Nilikuwa na wanafunzi wanne, mmoja wao mama anayeuza vitenge Kikuubo, aliyechoka kutafsiriwa kila anapouziana na Wakongomani. Niliandika ubaoni: "Wananchi wanapiga kura." Nikamwambia asome.

"Wananchi wanapiga kula," akasoma.

"Kura."

"Kula."

"Sikiliza. Kuna kula, ya chakula. Na kuna kura, ya kuchagua. Kula. Kura."

Yule mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Lakini mwalimu," akasema, "zote ni kula."

Kalamu ya ubao ilinianguka. Niliiona baraza ya nyumba yangu, tenga, gazeti, na Jaja akishika kifua. Wa kula yuko ndani ya tenga. Wa kula yuko kwenye banda la nyuma. Wawili!

Sikuaga. Nilipiga simu nikiwa kwenye ngazi, haikupatikana. Jaja akipata wageni wa heshima huzima simu na kuifungia sandukuni. Nikapanda boda, nikamwambia dereva apite anapojua yeye, nikafunga macho njia nzima ya Port Bell. Sikumlilia jogoo tu. Niliililia ile miaka, na ule ukuta wenye chaki, na uso wa Haji nitakapofika mikono mitupu nikimweleza kwamba kuku wangu wa kura ameliwa.

Nilipoingia uani, kitu cha kwanza nilichoona ni tenga tupu. Cha pili, manyoya meupe karibu na mlango wa jiko. Cha tatu, harufu ya majani ya migomba na karanga iliyotoka kwenye chungu, na ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri sana.

Jaja akatokeza na mwiko mkononi. Hapo Kiswahili sanifu chote kikanitoka, kikabaki cha Bukavu.

"Umemukata! Jaja, umemukata kuku yangu! Miaka tano minachunga ile kuku, weye unaipika siku moja! Hauna macho? Weye ni mutu gani?"

Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi. Vijiko vikanyamaza ndani. Wakwe zake walikuwa wanasikia kila neno, mpangaji Mkongomani akimgombeza mama mkwe wao kama mtoto wa shule. Jaja alitazama dirisha, akatazama chini. Nikampita, nikaenda nyuma ya jiko kwenye lundo la maganda ya ndizi, nikapiga magoti na gauni langu la kazini, nikaanza kuchakura. Nilitaka miguu. Nyama ya silki yote ni nyeusi, haikuambii kitu, lakini miguu haidanganyi.

Nikaipata. Mguu wa kwanza, vitano. Nikatafuta wa pili, nikaufuta kwa ganda, nikahesabu. Vinne. Nikahesabu tena. Vinne.

Nikachakura lundo lote mpaka chini. Miguu mingine haikuwepo.

Jaja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Miaka kumi na moja," akasema polepole, "sijaona wewe kupiga magoti sawa mabinti yetu. Leo umepiga."

"Yuko wapi, Jaja?"

"Kwa kitanda yangu."

Alikuwa kweli kwenye kitanda chake. Alikuwa ameketi katikati ya shuka ya maua, mweupe, msafi, amepewa punje za wali kwenye kisosi, anatutazama kwa dharau. Jaja alisimama mlangoni akafuta mikono kwenye kitambaa cha kiunoni.

"Wewe ulisema wawiri wa kula. Mimi nikashika kisu. Nikamaliza ile nyeupe ingine ya banda. Nikakuja kwa hii. Nikashika mguu, nikageuza, sawa vile wewe unageuza. Nikahesabu. Tano. Nikahesabu ingine. Tano. Kidole imejitenga. Nikasema, hapana, mwalimu amekosa leo. Hii haiwezi kuwa ya kula."

"Lakini mimi nilisema ya kura," nikasema.

"Ndiyo. Ya kula. Nikasema amekosa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Yule niliyedhani anakuja kunitukania kuku na kuninywea chai, kumbe alikuwa anasoma. Na kwa ajili ya jogoo wangu aliwapa wakwe wawili kuku mmoja mdogo, akaongeza karanga na uyoga ili chungu kijae. Kwa Mganda wa umri wake hiyo si aibu ndogo, nami nilikuwa nimeiongezea nyingine kwa kelele. Nilimwambia samahani. Akaniambia niache kulia juu ya shuka yake.

Kisha nikafanya nililoweza. Nikanawa, nikaenda sebuleni, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wale wanaume wawili, nikawaeleza kwamba kosa ni langu, kwamba mwalimu wa Kiswahili ameshindwa na neno moja la Kiswahili. Mkwe alikuwa mtu mwema. Akasema chakula kilikuwa kitamu, na kwamba hajawahi kula kuku aliyeombolezwa hivyo. Jikoni nilimsikia Jaja akicheka mpaka akakohoa.

Kila mfugaji anaruhusiwa kuja na mgeni mmoja kwenye kura, na mgeni naye hupewa kizibo, anaweka popote apendapo. Kila mwaka nilikwenda peke yangu. Jumapili hiyo nilikwenda na Jaja. Alivaa gomesi ya rangi ya machungwa, akambeba jogoo mwenyewe mapajani njia nzima, hakuniruhusu hata kumgusa.

Haji alimshika jogoo wangu kwa muda mrefu. Alifungua kishungi, akapuliza manyoya ya mgongoni yakagawanyika, akatazama ngozi, akatazama miguu. Safari hii hakutabasamu kwa adabu. Alisema, "Mama, huyu amezaliwa kwako?" Nikasema ndiyo. "Hongera," akasema. Wenzetu walikuja wakashika, na vizibo vikaanza kulia ndani ya kopo langu. Nilisimama pembeni nikijifanya natazama mawingu.

Jaja alizunguka meza yote akiwa na kizibo chake ndani ya ngumi. Aligeuza kila kuku. Aliwauliza watu maswali kwa sauti ya laini za askari, mpaka mfugaji mmoja akasimama wima bila kujua kwa nini. Wageni wengine wote walikuwa wameshaweka vizibo kwa wenyeji wao, kama kawaida. Yeye alikuwa wa mwisho.

Walipohesabu, jogoo wangu alipata vizibo kumi. Tetea mweusi wa Haji alipata kumi na kimoja.

Watu walinipongeza sana. Hakuna aliyetaja soko. Mtu mmoja aliniomba mayai ya kuatamisha, na mwingine akauliza kama ningekubali jogoo akae kwake mwezi mmoja. Nilikuwa na furaha kweli, lakini kuna hesabu ndogo iliyokuwa inazunguka kichwani, na tulipofika njiani nilishindwa kuizuia.

"Jaja. Kizibo chako uliweka wapi?"

"Kwa tetea ya Haji."

Nilisimama palepale. "Ya Haji! Jaja, wewe ni mgeni wangu! Ungeweka kwangu tungeshinda!"

"Wewe kila siku unasema angalia vidole," akasema, na akamgeuza jogoo mikononi, akanionyesha mguu wa kushoto. "Hii inataka kulala. Kidogo tu, lakini inataka. Ile ya Haji yote imesimama. Nikuweke wewe kwa bule?"

Nilikiangalia kile kidole. Nilikuwa nimekiangalia tangu siku ya kwanza, na kila mara nilijiambia ni mkao tu. Nilitembea hatua kadhaa nikiwa nimekasirika, kisha hasira ikaniishia, nikaanza kucheka, na Jaja naye akacheka, na jogoo akafungua jicho moja akalifunga.

Hayo yalitokea msimu uliopita. Jogoo alikaa kwa tetea wa Haji mwezi mmoja, na mayai tuligawana. Juzi yameanguliwa kwangu, vifaranga sita, na Jaja alikuja na kigoda chake kabla sijanawa uso. Siku hizi ni yeye anayehesabu. Nilimwachia nafasi, kwa sababu nimekubali kwamba mimi huwa naona ninachotaka kuona.

Alimchukua wa kwanza, akamgeuza chali kiganjani, akahesabu kulia, akahesabu kushoto. Akamsogeza karibu na macho. Kisha akamrudisha chini ya mama yake taratibu.

"Huyu," akasema, "wa kula."

"Wa kula au wa kura, Jaja?"

Alichukua kikombe chake cha chai, akanywa, akanitazama juu ya ukingo wake.

"Si wewe ndiyo mwalimu?" akasema.